Hoteli ya Mchina ikifungwa wakati wa kusi, yatuhusu

Mhariri,

Kuna maneno yanayozunguka hapa Malindi, kuanzia sokoni hadi kwenye baraza za Shela, kwamba ile hoteli ya Mchina ya kando ya barabara ya Lamu huenda ikaanza kufunga kila msimu wa kusi, kama zifanyavyo hoteli nyingi za wageni. Kodi ya nyumba imepandishwa, na wenye hoteli wanapiga hesabu. Nikiwauliza watu wanaonaje, wengi hunijibu, "Wacha wafunge, hiyo ni biashara ya wageni, sisi yatuhusu nini?" Mimi ni mama karanga. Nimekaanga na kuuza samaki tangu wanangu wakiwa wa kubebwa mgongoni, na naomba nafasi katika gazeti lako niseme kuwa yatuhusu, tena sana.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze kidogo. Malindi huishi kwa pepo mbili. Kaskazi ikivuma, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari hutulia, Wataliano hujaa mjini, na mwenye tuktuk hupata usingizi wa muda wa saa nne tu kwa usiku. Kuanzia Aprili kusi huingia na mvua za masika, bahari huchafuka, mashua ndogo hazithubutu kuvuka mwamba, na hoteli za ufuoni huwaambia wafanyakazi waende nyumbani mpaka waitwe. Vijana uliowaona Februari wamevaa mashati meupe wakibeba pizza, Mei utawakuta na bodaboda za kukodi wakingoja abiria ambao hawapo. Ukipita barabara ya Lamu saa mbili usiku wakati huo, milango mingi ina kufuli. Hoteli ya Mchina iko wazi, na ukichungulia ndani utaona watu wanakula.

Watu hao ni sisi. Ni walimu wa shule zetu, wauguzi wanaotoka zamu, mafundi wa magari, familia za Mabohora zinazokuja na bibi na wajukuu, na maharusi wa juzijuzi ambao hawana pesa za kwenda Mombasa. Mzee aliyeifungua hoteli alikuja hapa na mkewe nikiwa bado sijaolewa. Wakati huo watu walidhani hatadumu, kwa kuwa mji huu ulikuwa umeshazoea chakula cha Kitaliano, na mtalii hakuja Malindi kutafuta chakula cha Kichina cha kuliwa kwa vijiti. Nadhani aliliona hilo mapema kuliko sisi, akaamua kuwapikia majirani. Ndiyo maana hakuna nguruwe katika hoteli hiyo tangu siku ya kwanza, na pombe haiuzwi wala haiingii chunguni. Nyama hununuliwa kwa wachinjaji wetu wa sokoni. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kuuliza sana mambo ya halali. Aliingia jikoni kwa ruhusa ya mzee, akatazama kila chupa, akatoka akaketi, akala. Tangu siku hiyo nyumba yetu nzima ina idhini.

Niseme kwa nini wavuvi yanawahusu. Kaka yangu ana mashua. Wakati wa kaskazi mawakala wa hoteli kubwa humsubiri mchangani, lakini wanachotaka ni nguru, jodari na kamba mawe, samaki wa kukatwa minofu mizuri isiyo na mwiba. Kusi ikija, samaki hao hawafikiki kwa mashua kama yake. Kinachopatikana ni cha ndani ya mwamba: changu, tafi, pono, chewa mdogo, ngisi na pweza bahari ikikupwa. Wakala hawataki hao, na simu hawapokei. Mpishi wa hoteli ya Mchina huja mwenyewe alfajiri kwa baiskeli. Hufunua mashavu aone wekundu, hubonyeza mwili kwa kidole, hunusa, halafu huchukua samaki mzima na kichwa chake. Kichwa hakitupi, kwani ndicho wanachokipigania wazee wanaokula pale. Anachobakisha ndicho nikinunuacho mimi na wenzangu kwa bei tunayoiweza, maana kaka akishauza kwanza kwa mpishi, hana haja ya kutukamua sisi akina mama karanga ili apate pesa ya mafuta ya mashua. Hoteli hiyo ikifunga Mei, mnyororo huu wote unakatika mwezi uleule tulio na njaa zaidi.

Mwaka wa 2020 tuliona mfano wake. Kafyu ilianza Machi, na Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikawekewa vizuizi, hakuna kuingia wala kutoka. Ilikuwa kusi juu ya kusi. Hoteli za ufuoni zilikuwa kimya kabisa. Mzee wa Kichina alifunga kama sheria ilivyotaka, na iliporuhusiwa akafungua dirisha moja la upande, akauza wali wa kukaanga na supu ya kuku na mahindi kwa kubeba, kabla ya saa ya kafyu. Kaka yangu alipeleka ngisi pale akalipwa palepale mkononi. Nataka wanaosema "biashara ya wageni" walikumbuke dirisha lile.

Sasa chakula chenyewe, kwa sababu ninawasikia wakisema habari za hoteli hii watu ambao hawajawahi kukaa mezani pake. Aagizaye samaki wa mvuke huletewa chewa au changu mzima, kama alivyotoka baharini. Mpishi humchanja mbavuni, humtia vipande vya tangawizi, humweka juu ya maji yanayotokota kwa dakika chache kulingana na unene wake. Akiiva, yale maji yaliyojikusanya kwenye sahani humwagwa, kwani ndiyo yenye shombo. Ndipo hutandaziwa majani ya kitunguu na tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi, akanyunyiziwa sosi ya soya, na mwisho kabisa akamwagiwa mafuta yaliyopata moto kweli kweli. Utayasikia yakilia toka meza ya pili. Hakuna nazi, hakuna bizari, hakuna ukwaju, na mtu wa Pwani ataanza kwa kuhisi kuwa kuna kitu kimesahauliwa. Atakapofika tonge la tatu ataionja ladha ya samaki ambayo mchuzi wetu, pamoja na utamu wake wote, huifunika. Chewa wa alfajiri tu ndiye anayeweza kupikwa hivyo. Aliyelala kwenye barafu siku mbili atajisema mwenyewe.

Kukaanga ndiyo kazi yangu, basi karai lao ndilo ninalolitazama zaidi. Ni la chuma chembamba, na chini yake kuna moto wa gesi unaovuma hata watu hawasikizani jikoni. Kila kitu kimekatwa kabla, kimepangwa kwenye mabakuli, kwa kuwa moto ukishawaka hakuna nafasi ya kumenya kitunguu saumu. Ngisi hupakwa unga mwembamba wa wanga, huingia kwenye mafuta, hutolewa, mafuta yakaachwa yapande moto tena, kisha hurudishwa kwa muda mfupi sana. Mara ya kwanza ni ya kuiva, ya pili ni ya kukauka nje. Baada ya hapo hurushwa na chumvi, pilipili manga, pilipili kali na saumu. Ngisi akizidi motoni huwa mgumu asiyetafunika, na wapishi wengi wa mji huu, hata wa hoteli zenye nyota, humharibu hapo. Wale hawamharibu. Mbinu ya kukaanga mara mbili niliichukua kwao, na wateja wangu wa jioni wanaiona kwenye samaki wangu wa kukaanga.

Si kila kitu ninakisifu. Tambi zao zina mafuta kuliko inavyohitajika, na kuku wa mchuzi mwekundu wa tamu na chachu naona siku hizi ametiwa sukari nyingi ili watoto wamalize sahani. Mboga ni nzuri, zile za mashina meupe anazowaletea mkulima mmoja wa upande wa mto Sabaki, ila mto ukijaa hazipatikani na huwekwa kabeji badala yake. Kaa huja kutoka Mida, na akiwapo, mtu asiagize kitu kingine.

Meza kubwa ni za duara, na juu yake kuna sinia la mbao linalozunguka. Chakula huwekwa kati, kila mtu anachota anachotaka, na aliye karibu na mkubwa humzungushia mkubwa kwanza. Wajukuu zangu hawakufundishwa na mtu. Waliona sinia wakajua adabu yake, kwa sababu nyumbani pia twala sinia moja.

Viongozi wetu wakipata ugeni kutoka China hutoa hotuba ndefu juu ya twiga aliyetoka Malindi akafikishwa na wajumbe kwa mfalme Yongle wa China mwaka wa 1415, na juu ya Zheng He, amiri wa majahazi ya mfalme huyo. Hayo ni kweli, na mimi nayapenda. Mamangu ni mzaliwa wa Mambrui, na tulipokuwa watoto tulicheza karibu na lile kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Mambrui hukohuko, mwaka wa 2010, wachimbaji wa Kenya na China waliokuwa wakifanya kazi pamoja walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle. Hata hilo la halali si geni: Zheng He mwenyewe alizaliwa Yunnan katika familia ya Kiislamu. Lakini mheshimiwa anayeihubiri historia hiyo ya miaka mia sita sijamsikia hata mara moja akimtaja Mchina aliye jirani yetu leo, anayenunua samaki wetu, anayelipa leseni ya kaunti kila mwaka, na ambaye watoto wake walisoma darasa moja na wetu wakaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Shela.

Nimtaje pia mpishi yule wa baiskeli, bila jina. Ni Mgiriama wa upande wa Ganda. Aliingia pale kijana, akimenya saumu na kuosha masufuria, na leo mzee akiwa amechoka ndiye anayeshika karai. Chewa niliyemweleza hapo juu ni wa mkono wake. Hana cheti cha chuo chochote. Akienda kuomba kazi kwenye hoteli kubwa, la kwanza ataulizwa karatasi. Chini yake kuna vijana wanne wanaojifunza kwa macho kama alivyojifunza yeye. Hoteli ikifungwa kwa miezi mitano kila mwaka, vijana hao watatawanyika kutafuta riziki, na ujuzi huo hauwezi kungoja kwenye kabati mpaka kaskazi irudi.

Kwa hivyo nina maombi. Mwenye nyumba ni mtu wa mji huu na sitamtaja. Ninamwomba apange kodi kwa misimu, kubwa wakati wa kaskazi na ndogo wakati wa kusi, kwa sababu chumba kitupu Juni hakimpi chochote. Kaunti nayo iwaruhusu wanaobaki wazi mwaka mzima walipe leseni kidogo kidogo, wasidaiwe yote Januari kwa mkupuo sawa na wanaofungua miezi minne wakaondoka. Na ofisi inayohusika na utalii, inapochapisha orodha ya mahali pa kula Malindi, iandike na mahali ambapo wenyeji wanakula. Mgeni mwenye akili hapo ndipo anapotaka kupelekwa.

Kwa wenye hoteli, ombi langu ni msiondoe samaki mzima mkaweka minofu. Nimesikia mmoja wenu akisema vijana hawapendi miiba. Wafundisheni. Na ile karatasi ya ukutani yenye majina ya vyakula kwa Kiswahili na bei zake iacheni hapo hapo, maana mtu mwenye mshahara wa kawaida hupata ujasiri wa kuingia anapojua kabla hajaketi atatozwa nini.

Kwa wenzangu wa Malindi, Ijumaa na Jumapili hoteli hiyo hujaa yenyewe. Siku zinazowaumiza ni Jumatatu hadi Jumatano, mvua ikinyesha. Mtu anayeweza kula nje mara moja baada ya malipo ya mwezi, basi aende siku hizo. Akienda na watu sita wakachanga, samaki mmoja mkubwa, ngisi, mboga na wali vinawatosha. Aulize kwanza alfajiri ile mashua zimeleta nini, kisha aagize hicho. Meza za duara ni mbili tu, kwa hiyo apite mchana amwambie mama aliye kwenye kaunta amwekee moja.

Mama karanga,
Shela, Malindi