Ndege ya Baba iko huko kwenu

Changamwe, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Salaam aleikum. Baada ya salamu, nisamehe kimya changu cha miezi yote hii. Sisi wazima, Mama anakusalimu sana, Rukia amejifungua mtoto wa kike, na Hamisi bado ni yule yule, hajalipa. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nina jambo moja, na wewe ndiye uliyelianzisha.

Ile picha ya watoto wako wamesimama chini ya mkia wa ndege huko kwenye makumbusho ya Brooklands, Uingereza, nilimwonyesha Baba. Unajua macho yake yalivyo siku hizi, simu mpaka umsogezee karibu na pua. Akaishika, akanyamaza, kisha akasema, "Hii ya Sultan wa Oman. Ni VC10, lakini fupi. Zetu zilikuwa Super." Wewe hukuandika neno chini ya picha, na mimi niliona ndege tu. Yeye aliona mkia akajua ni VC10, ile ndege ya abiria ya Waingereza.

Tangu siku hiyo mazungumzo yake ni Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, asubuhi na jioni. Aliingia East African Airways 1966, akatoka shirika lilipovunjika 1977, na miaka yote hiyo alikuwa fundi, anafungua na kufunga injini za Conway, zile za VC10. Nikasema basi nimtafutie filamu nzuri za makala za ndege, tukae tutazame wote kabla macho hayajaisha.

Salim, nimekesha. Makala za ndege ni tele, za kivita na za abiria, lakini nyingi ni ngoma na moto na sauti ya mashine inayosoma maneno isiyoyaelewa. Moja ilijiita historia ya VC10. Dakika ya tatu Baba akasema, "Zima." Walikuwa wanaonyesha Ilyushin 62 ya Warusi! Ni kweli kwa asiyejua zinafanana, injini nne zote nyuma na mkia ule mrefu, lakini kwa fundi ni sawa na mtu anayesimulia habari za marehemu huku anaonyesha picha ya jirani. Iliniuma kwa sababu Baba alikuwa ameshavaa miwani na kujiweka sawa kitini.

Sasa nina kipimo changu. Natazama dakika tano. Wakitaja ndege hii wakaonyesha ile, naacha. Na kama hakuna hata mmoja anayezungumza ambaye aliigusa ile ndege kwa mikono yake, awe rubani au fundi, naacha pia.

Zimebaki chache. Moja ni ya zamani, ya 1944, ile ya Memphis Belle, ndege ya mabomu ya Wamarekani, aliyoitengeneza William Wyler. Walipanda na kamera ndani ya ndege za mabomu wakaenda nazo hadi juu ya Ujerumani. Mpiga picha wao mmoja, Harold Tannenbaum, hakurudi, ndege aliyokuwemo ilidunguliwa. Ilitengenezwa vita vikiendelea ili kuwatia watu moyo, na ukiisikiliza unalijua hilo. Lakini kuna pale mafundi wamesimama uwanjani wanaangalia mbinguni, wanahesabu zinazorudi. Baba aliniomba nirudishe hapo mara mbili.

Nyingine ni Downfall, ya Rory Kennedy, ya 2022, habari za Boeing 737 MAX. Hiyo nilisita kumwekea. Ndege ile ya Ethiopia ilikuwa inakuja Nairobi, 10 Machi 2019, ikaanguka dakika sita tu baada ya kuondoka Addis Ababa, watu 157. Miezi minne na kidogo nyuma yake ya Lion Air ilikuwa imeshaanguka Indonesia na watu 189. Makala inaeleza vizuri, taratibu, kwamba kulikuwa na programu inayoisukuma pua chini, na programu hiyo ilikuwa inasikiliza sensa moja, yaani kifaa cha kupima, kibapa kidogo ubavuni mwa pua. Kibapa kikitoa habari ya uongo, ndege inaamini. Baba akauliza, "Moja? Moja tu?" Nikamwambia moja. Akauliza tena. Usiku ule hakulala vizuri na nilijuta, lakini kesho yake ni yeye aliyetaka tuimalize.

Ya kwake mwenyewe ndiyo sijaipata, Salim, na ndiyo inayonikera. VC10 iliundwa hasa kwa viwanja kama vyetu. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi, jua likiwaka ndege inahitaji njia ndefu kuondoka. Ndiyo maana wakazipeleka injini nyuma, bawa likabaki safi, likabeba vizuri hata mwendo ukiwa mdogo. Makala za Kiingereza zinalieleza hilo, kisha zinarudi London haraka. Aliyekuwa anazihudumia huku hajaulizwa.

Super zetu zilikuwa tano, nyingine zikiwa na usajili wa Kenya, nyingine Uganda, nyingine Tanzania. Moja ilipotea Addis Ababa 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Baba hiyo haizungumzi na mimi simuulizi. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kuvunjika, na jeshi lao la anga likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Zikaruka hadi 2013! Miaka 36 baada ya Baba kurudi Mombasa na sanduku lake la spana, ndege alizozihudumia zilikuwa bado hewani. Nilipomsomea hayo alinishika mkono asiuachie.

Sasa nafika kwenye ombi. Moja kati ya hizo nne, yenye usajili 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, ilirushwa Septemba 2013 hadi uwanja wa Dunsfold, na hapo Woking ulipo si mbali. Jeshi waliiita ZA150. Nakuomba uulizie pale Brooklands, maana wao ndio walioichukua. Ukiruhusiwa, ipige video kwa simu, polepole, bila muziki. Anza na injini za upande wa kushoto, kaa hapo sana. Kisha mlango mkubwa wa mizigo, kisha magurudumu. Kama kuna mzee anayeitunza, mwache azungumze.

Mimi huku nimeanza kumrekodi Baba jioni, akishaswali Isha. Nina saa tatu tayari. Nafikiri tukiunganisha yake na yako... hebu tuone kwanza.

Je, bado iko? Wanaruhusu watu kuingia, au mpaka siku maalumu? Unadhani wana mikanda ya zamani ya Embakasi, na wanauza au wanatoa nakala? Simu yako inapiga vizuri ndani, penye giza? Na watoto, walipenda ndege au waliburutwa? Upasuaji wa jicho la kulia la Baba ni tarehe 14. Unaweza kwenda kabla?

Wako,
Omari