Malalamiko Kuhusu Simu Zenu Kumaliza Chaji Zikiwa Zimelala

Mafundi Simu,
Mwanjelwa, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

KUH: SIMU KUISHIWA CHAJI BAADA YA SASISHO LA MWEZI MEI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wateja wenu wa Mbeya, Rungwe, Njombe na Makete wanafika kwenye meza zetu baada ya kituo chenu cha huduma kuwarudisha na jibu lilelile: punguza mwangaza, tumia chaja halisi, betri huchoka. Baadhi ya simu hizo bado zina dhamana. Jibu hilo si la kweli, na vipimo vinaonyesha hivyo.

Mwangaza hauhusiki, maana chaji inaisha usiku skrini ikiwa imezimwa. Chaja nayo haihusiki: chaja mbovu huchelewesha kujaa au huipasha simu joto, lakini ikishachomolewa haiwezi kuivuta betri. Tulitoa betri tukazilisha simu kwa pawa saplai ya mezani, kifaa kinachotoa umeme badala ya betri na kuonyesha kiasi kinachovutwa. Simu ikizimwa kabisa, umeme unaovutwa ni karibu na sifuri, kwa hiyo bodi haina shoti. Ikiwashwa na kuachwa ilale, inapaswa kutulia ndani ya dakika chache kwenye miliampea 10 hadi 30, ikipanda kidogo kila inapowasiliana na mnara. Hizi zenu hazishuki chini ya 150. Miliampea 150 kwa saa 8 za usiku ni mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha chaji) 1,200, na betri ni ya mAh 5,000. Mteja analala na asilimia 100, anaamka na 76, na hajagusa kitu.

Tukaziwasha kwenye hali salama, ambayo husimamisha programu zote alizopakua mwenye simu. Kipimo hakikubadilika, kwa hiyo msimlaumu mtu kwa WhatsApp yake. Tukaweka hali ya ndegeni. Bado kilikuwa juu, hivyo mtandao nao si chanzo kikuu. Ukifungua Mipangilio, kisha Betri, kisha Matumizi ya betri, wanaoongoza ni wawili: programu yenu ya matangazo ya skrini iliyofungwa na duka lenu la programu. Zikikosa intaneti hazikati tamaa, zinaiamsha prosesa tena na tena kujaribu upya. Tulipozizima kwa kompyuta, kipimo kilishuka hadi miliampea 20. Mteja mwenyewe hawezi kufanya hivyo, kwa sababu kitufe cha kusanidua hamkukiweka na cha kuzima kimefifishwa. Na kila sasisho jipya linazirudisha. Mtu amenunua simu kwa fedha yake. Si haki chaji yake itumike kumwonyesha matangazo ambayo hakuyaomba wala hawezi kuyakataa.

Nyanda za juu zina mambo yake pia, ambayo kituo chenu kingepaswa kuyajua. Kwenye mabonde ya Uporoto na Ileje mawimbi ni hafifu, na simu iliyo mbali na mnara hutuma kwa nguvu kubwa zaidi, huku ikirukaruka kati ya 4G na 3G. Hapo tunamshauri mteja achague 3G au 2G kwenye aina ya mtandao anapokuwa hahitaji data, na aizime laini ya pili kama haishiki mtandao mahali alipo. Ushauri huu haupo popote kwenye kijitabu chenu.

Halafu baridi. Asubuhi za Juni na Julai, Makete na Kitulo huanguka jalidi. Betri ya lithiamu ikipoa hivyo, ukinzani wake wa ndani hupanda. Kamera ikiwashwa volti hushuka ghafla na simu hujizima ikiwa na asilimia 25. Iwekwe mfuko wa ndani ipate joto, itawaka na chaji yake. Isichajiwe ikiwa bado imeganda, maana lithiamu hugandia juu ya grafaiti, tabaka la betri linalohifadhi chaji, badala ya kuingia ndani yake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi wote. Simu za namna hii kituo chenu kimeziandikia "imeingia maji", wakati kiashiria cha maji ndani, kile kibandiko kinachogeuka chekundu kikilowa, bado ni cheupe. Hilo limetuudhi kuliko yote.

Betri ikichoka kweli, halisi haipatikani Mbeya. Zinazouzwa zimeandikwa mAh 5,000, lakini ukizijaza kupitia kipimo cha USB hazifiki huko, na nyingine huvimba. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 20 Juni 2025 zinadai betri ya simu mpya ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Hatuoni sababu mnunuzi wa Tukuyu apewe pungufu ya mnunuzi wa Paris.

Tunaomba mtoe sasisho linaloruhusu programu hizo mbili kuondolewa kabisa. Simu zilizokataliwa kwa kisingizio cha maji au matumizi mabaya zipokelewe upya na kupimwa mbele ya mwenyewe. Betri halisi ziletwe Mbeya kwa bei iliyotangazwa, pamoja na gundi yake, maana mfuniko wa nyuma ukifunguliwa haubani tena bila gundi mpya.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yasipofika, tutawasilisha vipimo vyote Tume ya Ushindani. Simu tatu tulizopima tunazo, pamoja na idhini ya wenyewe, na fundi wenu anakaribishwa kuzipima upya kwa vifaa vyake.

Wenu katika kazi,
Mafundi Simu, Mwanjelwa