Salamu za Mwaka Mpya kutoka Blantyre, Uskoti

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wengine wote, habari za jioni.

Ndugu zangu Waswahili wa Glasgow, Hamilton, Edinburgh na kote Uskoti, mimi na familia yangu tunawatumia salamu za kufunga mwaka. Aliyeumwa apone, aliyefiwa afarijike, mwenye deni alimalize, na anayesubiri makaratasi ayapate.

Mwaka umetubana. Bei ya gesi siwasimulii, kila mtu ana bili yake kabatini. Kwangu hita inawashwa saa kumi na mbili jioni, inazimwa saa tatu, na watoto wameshazoea kusoma na makoti. Mchele wa pilau nao, tuuache.

Kinachonikaa moyoni ni jirani yangu, ajuzi niliyezoea kumwita Bibi. Miaka minane mfululizo mimi ndiye niliyekuwa mguu wa kwanza nyumbani kwake, yaani mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukiingia; mila ya Waskoti husema akiwa mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, analeta bahati. Kengele za saa sita usiku zikishalia tu, naingia na kipande cha makaa ya mawe, keki nyeusi, na chupa ya juisi ya ukwaju badala ya ile mnayoijua. Alisema maisha yake yote aliomba mtu mrefu mwenye nywele nyeusi, Mungu kamletea mweusi mpaka unyayo! Mtani wangu yule.

Alikuwa mtoto wa mchimba makaa. Utotoni mwake Krismasi ilikuwa siku ya kazi, baba akiteremka shimoni kama kawaida, maana Uskoti haikuifanya sikukuu ya mapumziko hadi 1958. Furaha yote ikangojea mkesha wa mwaka: nyumba ifagiliwe, majivu yatolewe, madeni yalipwe kabla ya saa sita.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mnara wa High Blantyre. Tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ililipuka mgodini ikaua zaidi ya watu 200, wakiwemo watoto. Nyumba walizokaa zilikuwa za mwajiri, na mwaka uliofuata wajane 34 walishtakiwa, wakatolewa humo. Bibi alisimulia kwa hasira utadhani ni jambo la juzi.

Nami nikamlipa kwa habari za kwetu. Wageni huja hapa kuona chumba alimozaliwa Livingstone mwaka 1813, katika jengo la familia 24 za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, kila familia chumba kimoja. (Sisi tuliowahi kupanga Manzese hatushangai.) Akiwa na miaka 10 naye akaingia kiwandani. Basi mimi nimekulia Bagamoyo, ambako maiti yake ilifikishwa Februari 1874, watumishi wake akina Chuma na Susi wameibeba kwa miguu tangu alikofia, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanung'unika: mmembeba njia yote hiyo, halafu London wakamchukua wao, wakamzika kwao!

Amefariki Novemba. Wiki ile nilikuwa zamu za usiku. Asubuhi moja nikaona pazia lake halijafunguliwa, nikajiambia nikiamka nitagonga. Niliamka, nikaenda kazini. Binti yake ameniambia mama alikuwa hawashi hita, akiogopa bili.

Ndugu zangu, tunatuma pesa nyumbani kila mwezi, tunachangia harusi na misiba ya ng'ambo ya bahari, na ukuta wa pili hatuujui. Mtume ametuusia jirani, Injili imetuusia jirani, na hakuna palipoandikwa jirani awe wa kabila lako. Ukiona taa haijawaka, gonga. Ukipika chungu, toa bakuli. Zamu haziishi, na bosi hatakuja kukuzika. Wale wajane 34 walikuwa na majirani pia, na sisi tuna wetu, wako hai, wamejifunika blanketi wakitazama mita. Kijana, kampigie simu mzee wako. Mzee, mfungulie kijana. Tusamehe, tulipe, tufagie.

Haya, nisiwachoshe. Mwaka Mpya uwe wa heri, afya, riziki na amani kwenu nyote, na tulioachwa na wapendwa wetu Mungu atupe subira.

Usiku wa mkesha nimeomba ruhusa kazini. Binti yake Bibi anakaa Bothwell, ng'ambo ya mto Clyde, na ameniuliza kama nitaweza kufika baada ya kengele. Makaa ninayo.