Ng'ombe wa uwandani na makobe wa Changuu

Mjini Unguja

Yakhe Hamadi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila kusi limeshika na kuvuka na wageni kwenda kisiwani Changuu ni kurowa tu.

Barua yako nimeipata. Unasema ule uwanda wa mawe kule Maziwang'ombe, Pemba, ni malisho mema, kwa kuwa "ng'ombe wamejaa tele", na wewe wataka kuongeza wako. Hapo sikubaliani nawe. Ng'ombe kujaa mahali si ushahidi kwamba mahali hapo pana kheri.

Mnyama wa malisho huanza na penye nyasi nono. Wakiwa wachache, wote utawakuta bondeni. Wakizidi, kila kinywa kinapunguza riziki ya mwenzake, hata inafika siku bondeni hapana faida kuliko mwambani, penye nyasi mbovu lakini nafasi. Ndipo wengine wanapopanda juu. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Stephen Fretwell na Henry Lucas, waliliandika hilo kuhusu ndege: kila mmoja akiwa huru kuchagua, wataenea mpaka apatacho wa pazuri kilingane na apatacho wa pabaya.

Utaniambia ng'ombe wetu hawako huru, wamefungwa kamba. Kweli. Lakini mwenye kamba naye hufanya yaleyale: bonde likijaa vigingi, aliyechelewa anakwenda kupigilia chake baina ya mawe. Na dume lenye pembe halimpi mwenziwe nafasi, kwa hiyo wanyonge husukumwa nje mapema zaidi.

Hawa makobe ninaowaonyesha wageni, wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Asili yao ni Aldabra, visiwa vya hukohuko Shelisheli, na huko wako kama laki moja. Kwenye kisiwa chake kikubwa, Grande Terre, wamesongamana mno, na miili yao ni midogo kuliko ya wenzao wa visiwa vya jirani, Malabar na Picard. Nyasi wamezila zikawa zulia. Baadhi ya mimea huchanua chini kabisa, kobe asipoweza kung'ata. Mvua zikinyesha, wengine hutoka ndani ya kisiwa wakaenda ufuoni. Majani mabichi yapo, kivuli haba. Jua likimkuta kobe hajafika mtini, linamuua. Sasa aliyeuona ufuo umejaa makobe, aseme wamepapenda?

Ukitaka kujua, usihesabu vichwa, tazama ulimi. Ng'ombe wa bondeni huzungusha ulimi akakusanya nyasi, akavuta akang'oa kinywa kizima. Wa uwandani hudokoa ncha mbili tatu, akanyanyua mguu, akadokoa tena. Huyu anashinda kutwa akitembea, na jioni ubavu bado umebonyea.

Kisha ngoja Idi Kubwa ipite. Wengi watauzwa na kuchinjwa, na mabonde yatapata nafasi. Uangalie waliobaki watapelekwa wapi. Wakirudi bondeni wote, uwanda wako ulikuwa wa waliokosa pa kwenda. Wakibaki mwambani hali bonde li wazi, basi pana kitu pale, labda chumvichumvi ya majani ya pwani, na mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia nunua.

Lile dume unalotaka kununua usilitolee hata shilingi ya arubuni mpaka uniandikie. Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Makame