Zimwi moja linatosha

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita msomaji wenu mmoja aliwashauri vijana wa hapa Kigoma wanaotaka kutoa filamu za ngano zetu wazitanue: watie vita, majeshi na mapenzi, la sivyo hadithi ya bibi haitamaliza hata nusu saa. Mimi nina banda la sinema karibu na mwalo wa Kibirizi, naomba nami niseme.

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na ndipo banda hujaa. Niliwahi kuwaonyesha The Hobbit zote tatu, za 2012, 2013 na 2014, zile zenye sauti ya DJ anayetafsiri. Kitabu cha J.R.R. Tolkien cha 1937 ni kimoja tu, tena cha watoto. Mwongozaji Peter Jackson akakikamua karibu saa nane za filamu. Akamwingiza Legolas, ambaye kitabuni humo hamo, na Tauriel, ambaye Tolkien hakumwandika popote.

Watu walitulia wapi? Pangoni. Bilbo, shujaa wa hadithi, na Gollum, kiumbe wa humo pangoni, wawili tu gizani, wanategeana vitendawili. Hata DJ alishusha sauti. Kilipotegwa cha sanduku lisilo na bawaba wala kifuniko na ndani mna dhahabu, mzee mmoja wa nyuma aliropoka "Yai!" kabla ya Gollum. Si ile nyumba yetu isiyo na mlango? Lakini filamu ya tatu, vita vilipopamba moto, migongo ilianza kutoka kwenda kununua mihogo. Kitabuni Bilbo anapigwa jiwe kichwani, na mwisho wa vita unampita amezirai.

Sikatai kila nyongeza. Wale mbilikimo 13 wanaosafiri na Bilbo, wengi wao kitabuni ni majina tu. Filamu iliwapa sura, na hilo nililipenda.

Sasa mchukueni yule msichana aliyesahau simbi yake ufukweni, akairudia peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha kijiji hadi kijiji, yeye aimbe, lenyewe lilishwe. Mnataka saa moja na nusu? Ingieni ndani ya ngoma. Mna joto, mna harufu ya ngozi, na mna wimbo ambao atauimba kwa namna nyingine siku atakaposikia sauti ya mama yake nje. Hilo jeshi la mazimwi la nini, na ngoma ni moja?

Mwenye banda,
Kibirizi, Kigoma