Paa la darasa la nne (P4) na mvua za Machi: wito kwa wana wa Katwe

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tunawasalimu nyote, mlio Katwe na mliohama.

Sisi kamati ya shule tunaona haya kuandika tena. Mwaka jana tuliomba madawati mkatupa, mkazidisha, na mzee mmoja wa Bwera akaleta saruji mifuko kumi akakataa hata tusimtaje. Tulidhani tutakaa kimya miaka miwili mitatu. Mabati hayakutuacha.

Ingia darasa la P4 saa sita mchana, jua likiwaka. Sakafuni utaona nukta za mwanga zimetapakaa kama punje za mtama uliomwagika. Kila nukta ni tundu la msumari. Misumari yenyewe imeliwa ikaisha, na ukingo wa bati ukiuminya kwa vidole unakatika kama mkate mkavu. Upepo unapanda kutoka Ziwa Katwe, ziwa letu la chumvi, na chumvi yake, na ile harufu ya mayai viza ambayo sisi hatuisikii tena mpaka mgeni aulize. Anayesema tulinunua mabati hafifu akakitazame kile kiwanda cha chumvi kilichoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wajerumani. Mabomba ya kigeni yaliliwa na maji haya haya, mashine zikasimama. Sasa ni chuma chekundu cha kupigia picha watalii. Sembuse bati letu.

Novemba ikinyesha, mwalimu husukuma madawati upande wa kushoto. Upande wa kushoto nao ukianza, watoto hubeba daftari chini ya shati wakahamia P5, wakabanana wanne dawati moja. Kwingine Uganda wangefundishwa chini ya mwembe. Sisi tumezungukwa na hifadhi ya Queen Elizabeth na maziwa. Siku moja muhula uliopita kengele ilipigwa kiboko bado anakula nyasi nyuma ya vyoo. Mwembe gani huo?

Wapo watakaouliza, wazazi wako wapi? Wazazi wako ziwani. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kulima, kwa hiyo hata ndizi ya jioni tunainunua. Kinachotulisha ni samaki wa Ziwa Edward na chumvi. Na chumvi ni jua. Unaingiza maji kwenye shimo, unangoja, jua linayapunguza, chumvi inashika. Mvua moja nzito ikianguka siku mbili kabla ya kuvuna, shimo linarudi kuwa maji na mama anaanza upya, miguu ikimwasha. Sasa hesabuni wenyewe: wiki ambayo darasa linavuja ndiyo wiki ambayo mama hana hata shilingi mia. Kiangazi akiwa nazo, paa halivuji, na sote tunasahau. Ndivyo tulivyofika hapa, na kamati hii imo katika waliosahau.

Chumvi hii wafalme waliigombania. Kabalega wa Bunyoro aliishika; Lugard, yule nahodha Mwingereza, alipofika mwaka 1891 akaitwaa, akajenga ngome ya Fort George papa hapa kuilinda, na Kasagama akarudishwa kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Shaba ya Kilembe ndiyo iliyoleta reli Kasese mwaka 1956. Leo reli haina treni, na chumvi bado inatoka, bado inavuka Mpondwe kwenda Kongo. Wangapi kati yetu tulisomeshwa na shimo la mama au la shangazi? Kuna nyumba nzuri sana huko Kampala na Mbarara zilizoanzia kwenye mashimo hayo. Hatutaji mtu. Mwenyewe anajijua, na tunamwombea baraka.

Mahitaji ni haya: mabati 140 ya geji 28, kila moja shilingi 52,000, jumla 7,280,000. Mbao, misumari ya kichwa kipana, rangi ya kuzuia kutu na fundi ni 3,400,000. Zote 10,680,000. Mkononi tuna 2,915,000, nyingi zikiwa za wachimbaji wenyewe, waliotoa gunia moja moja. Zimebaki 7,765,000.

Kila atakayetoa atapewa risiti, na hesabu itabandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, zamu hii kwa kalamu ya wino, maana ya mwaka jana ilififia kabla wengine hawajaisoma. Fedha hazitoki bila sahihi tatu: mwalimu mkuu, mweka hazina, na mwenyekiti wa wazazi.

Tutakusanya Ijumaa baada ya swala na Jumapili baada ya ibada, mwezi huu wote. Walio mbali watume kwa simu ya mweka hazina, namba mnayo. Asiye na pesa tunapokea mbao, chakula cha mafundi, hata siku moja ya kazi juu ya paa.

Na nyinyi wenye malori. Mnakuja Katwe matupu kupakia chumvi, tunawaona mkipita mbele ya shule. Mabati yatanunuliwa Kasese mjini, na kodi ya gari hatukuiweka kwenye hesabu hapo juu kwa sababu tuliwafikiria nyinyi. Atakayekuwa na nafasi ya mabati hamsini tu amwambie mwalimu mkuu kabla mwezi wa pili haujaisha.