Deni si langu, mbona nadaiwa mimi?

Kwa Mhariri,

Jumapili moja mwezi uliopita, nikiwa ndani ya matatu natoka mazishini Malindi, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Msichana mwenye sauti ya upole aliniuliza kama mimi ni mama mdogo wa fulani. Nilipoitikia tu, upole ukaisha. Akasema mtoto wa dada yangu amekopa kwenye programu ya simu na anadaiwa Sh4,300, kwamba mimi ndiye mdhamini wake, na nisipolipa kufikia saa kumi jioni jina langu litapelekwa CRB, wanakowekwa kwenye rekodi wasiolipa mikopo.

Nililipa. Sikuwahi kumdhamini mtu, wala kijana hakuwa ameniambia lolote, lakini abiria walikuwa wananisikia na nilitaka kumsitiri. Kumbe ujumbe wa kumwita mwizi ulikuwa umeshafika kwa baba mkwe wake na kwa mweka hazina wa chama chetu. Kijana huyo hajakanyaga kwa wakweze tangu siku hiyo.

Nimefundisha miaka mingi, nikaona nisome sheria mwenyewe. Nilichokikuta kilinikasirisha zaidi ya ile simu. Kanuni za watoaji mikopo ya kidijitali zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2022 zinakataza vitisho na matusi, zinakataza kuanika deni la mtu hadharani, na zinakataza kuwapigia simu au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu ya mdaiwa bila idhini. Yaani yote niliyotendewa yalikuwa yameshapigwa marufuku.

Na hapo tunazungumzia haki za mkopaji tu. Sisi jamaa zake tuna zetu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kijana anaweza kutoa idhini ya namba yake. Idhini ya namba yangu ni mimi wa kuitoa, na sikuulizwa.

Hili la udhamini ndilo linalowatisha wazee wetu, basi naomba lieleweke. Kwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, huwezi kushtakiwa kwa deni la mtu mwingine ila pawe na maandishi yenye sahihi yako ya kukubali kulibeba. Kuandikwa jina kwenye fomu kama jamaa wa kupatikana kwa dharura si udhamini. Anayekuambia hivyo kwa simu, mwambie alete karatasi uliyotia sahihi.

Mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo ya data, aliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 31 Mei, Google ilizizuia programu za mikopo kuchungulia orodha ya majina kwenye simu. Lakini mwenye kukopa bado anaweza kutakiwa aandike kwa mkono wake namba za ndugu wawili, na mtu mwenye shida ya kodi au dawa ataziandika.

Dawa ya deni ni kulipa, na kijana wetu analijua hilo. Lakini mkopeshaji naye ana pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi za hadi Sh1 milioni na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huko mdaiwa hujibu mwenyewe, na mkwewe hahusiki.

Ombi langu ni kwa Kamishna na Benki Kuu. Vitisho vinatujia kwa Kiswahili, tena Kiswahili kikali, ilhali sheria ya kutukinga imeandikwa kwa Kiingereza. Isomwe kwenye redio zetu za Pwani na kwenye mabaraza ya machifu. Watu waambiwe kwamba malalamiko yanaweza kutolewa kwa mdomo na ofisi ya Kamishna ikayaandika, na kwamba uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90. Waambiwe wasifute ujumbe, na wamuulize anayepiga jina lake na kampuni yake. Mimi sikumuuliza.

Namba iliyonipigia ninayo, na baba mkwe hakuufuta ule ujumbe. Wiki ijayo nakwenda kulalamika, na kijana nakwenda naye.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi